Mshale Uliotoka kwenye Saa

Inspekta Laurentine Mbuyu alikuwa amebakiwa na muda wa saa tano tu. Ikifika saa kumi jioni, substitut, mwendesha mashtaka aliyeshika jalada pale parquet, angetia saini karatasi ya kumpeleka Godefroid Kyungu gerezani kwa kifo cha mchimbaji Sadrack, na kumtoa mtu gerezani si sawa na kumtoa kwenye cachot, mahabusu ya polisi. Alishuka kwenye pikipiki ya taxi-moto mbele ya ofisi ya koperativi ya wachimbaji ya Mulima Mweusi, mtaani Manika, akajipangusa vumbi jekundu kwenye sketi, akaingia bila kubisha. Hakuwa na hasira. Alikuwa na haraka, na usoni kwake hayo mawili hufanana.

Mkobani alikuwa na vitu viwili. Cha kwanza ni bahasha ya kaki iliyofungwa kwa muhuri, ndani yake simu ya Godefroid. Cha pili ni nakala ya ruhusa ya kuteremka shimoni, ambayo alikuwa ameisoma mara nyingi mpaka ameikariri: shimo namba 14, imeombwa Jumamosi saa moja na dakika arobaini asubuhi, imetolewa saa mbili na dakika kumi, ardhi imekaguliwa na Kyungu Godefroid. Ijumaa usiku mvua ilikuwa imenyesha kwa nguvu. Jumamosi saa tatu udongo ulianguka, ukamfunika Sadrack.

Godefroid, mkaguzi wa usalama wa koperativi, aliapa kwamba hakukagua kitu. Tangu Alhamisi alikuwa mtaa wa Dilala kwenye kilio, matanga ya yaya wake, yaani ndugu yake mkubwa, na watu wasiopungua arobaini walimwona amekaa pale. Shida ni kwamba siku hizi ruhusa hutolewa kwa mashine, na mashine hiyo hufunguka hata kwenye simu. Kidole kimoja, chini ya meza, kilio kikiendelea. Substitut alikuwa amemwambia hivyo inspekta.

Kitu cha kwanza alichokiona ofisini kilimsimamisha. Ukuta mzima wa kushoto ulikuwa umefunikwa na mchoro mmoja, karatasi nane zilizounganishwa kwa gundi. Duara dogo kushoto, mwanzo. Kutoka hapo mshale unaingia kwenye kisanduku, "Chef wa équipe anaomba ruhusa", kisha kisanduku kingine, "Godefroid anapima ardhi", kisha umbo la almasi lenye swali: ardhi ni nzuri? Ndiyo inakwenda juu, kwenye kuchapisha ruhusa. Hapana inashuka chini, kwenye kupumzika. Kila mtu alikuwa na mstari wake, kama nyumba za mtaa mmoja zilizopangwa. Chini kabisa ma-chef wa équipe, viongozi wa vikundi vya wachimbaji, walikuwa wametia saini, wengine dole gumba, na juu ya saini hizo cachet nyekundu, muhuri wa koperativi.

Laurentine alisogea karibu. Baba yake alikuwa mchoraji wa ramani za migodi maisha yake yote, na binti alikulia chini ya meza ya kuchorea. Mchoro mzuri aliujua alipouona.

"Nani alichora hii?"

"Njo mi, mama inspecteur." Msichana wa miaka ishirini na sita hivi alisimama nyuma ya kompyuta. Alikuwa Abigaël Mpoyi, mtu wa informatique, fundi wa kompyuta wa koperativi.

"Ni muzuri. Ni muzuri sana. Sasa nielezee, nami nielewe."

Abigaël alianza polepole. Zamani, alisema, ombi la kuteremka lilipita mikono sita, likipotea njiani watu wanateremka tu. Basi akapata programu moja ya bure kwenye mtandao. Hakuna kampuni inayoiuza. Watu wa nchi mbalimbali wanaijenga pamoja na kuiacha wazi, anayetaka aichukue, aifungue tumbo aone inavyofanya kazi. Unavuta kisanduku unakiweka, unavuta mshale unaunganisha, na ukimaliza kuchora umemaliza kazi.

"Namna gani nimemaliza?"

"Dessin yenyewe njo inatembea, mama. Si picha ya kazi. Njo kazi. Chef wa équipe akiomba, machine inafuata mishale hii hii ya ku ukuta. Na batu bote banaisoma. Kuko ba creuseurs banashinda mu mashimo, hawakugusa masomo hata siku moja, mais banaweka kidole pale ku duara, banafuata, banakuambia: papier yangu imefika hapa."

Inspekta alitamani baba yake angekuwa hai ayasikie hayo. Yeye alichora miaka thelathini, na ramani zake zilisomwa na mainjinia peke yao.

"Basi nionyeshe ile inatembea leo. Si ya ukuta. Ya mu machine."

Walilinganisha. Laurentine alisimama ukutani akitaja kisanduku baada ya kisanduku, Abigaël akiitikia kwenye skrini. Mshale kwa mshale, vilikuwa sawasawa. Hapakuwa na njia ya kufika kwenye ruhusa bila kupita kwa Godefroid, na Godefroid asipojibu, ombi hubaki linangoja. Kama ni hivyo, Godefroid alijibu. Kama ni hivyo, Godefroid alikuwa mwongo na Sadrack alikufa kwa kidole chake. Laurentine aliketi. Alijisikia vibaya, kwa sababu asubuhi ile alimwangalia yule mtu usoni, akamwamini.

Ila kulikuwa na jambo moja. Kila walipofika kwenye kisanduku cha kuchapisha ruhusa, Abigaël aliitikia huku akiangalia pembeni.

"Abigaël, mwanangu. Pale kuko nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Mara tatu nimetaja kile kisanduku, mara tatu umeangalia dirisha."

Machozi yalimtoka msichana kabla ya maneno. "Jina yake. Jina ya tata Godefroid ku papier... haitoke kwa yeye. Njo mi niliiandika mule, siku ya kwanza kabisa. Kila papier yenye kutoka inatoka na jina yake. Niliwaza hakuna njia ingine ya kufika pale bila yeye. Tangu siku ya mungu silale. Niliogopa kusema."

"Basi machine haijui kama ni yeye alijibu?"

"Inaandika tu: imepita."

Inspekta hakumgombeza. Kosa la Abigaël lilikuwa la mtu mwaminifu, aliyechora mlango mmoja akasahau kwamba ukuta nao hutobolewa. Lakini ukuta wenyewe ulikuwa mzima, wamekwisha kuuangalia. Laurentine alirudi kwenye zile karatasi nane na kufanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo, alichofundishwa akiwa na miaka saba: kabla ya kuamini mchoro, angalia kona ya chini kulia. Huko ndiko mchoraji anakoandika namba na tarehe.

Kwenye kona ya ukuta kuliandikwa: toleo la 6.

"Na ya mu machine? Namba gani?"

Abigaël aliinama. Aliisoma mara mbili. "Nane," alisema. "Mama, si mi. Mi niliishia ku sita."

"Saba iko wapi?"

"Iko. Programu hii haifute kitu." Alibonyeza mara mbili, zikatokea tarehe za Ijumaa na Jumapili. "Saba iliingia siku ya tano jioni. Nane, siku ya mungu asubui. Siku ya mungu asubui mi niko mu chorale, ku kanisa!"

Toleo la saba lilifunguka. Lilikuwa mchoro uleule, isipokuwa kitu kimoja. Kwenye ukingo wa kisanduku cha Godefroid palikuwa pamebandikwa duara dogo lenye mishale ya saa. Kutoka kwenye saa hiyo, si kwenye kisanduku, mshale mpya ulitoka, ukapinda vibaya juu ya mingine, ukalikwepa lile swali la almasi na kuingia moja kwa moja kwenye kuchapisha ruhusa.

"Elezea," alisema Laurentine, ingawa alikwisha elewa.

"Maana yake: ngojea tata Godefroid. Kama hajibu mpaka saa ifike, usimungojee tena. Pita." Abigaël alisoma muda uliowekwa ndani, akamgeukia. "Dakika makumi tatu."

Saa moja na arobaini. Saa mbili na kumi. Laurentine hakuhitaji kutoa ile nakala mkobani.

Ijumaa mtu aliweka saa. Jumamosi saa ilimpitisha Sadrack. Jumapili mtu huyohuyo aliitoa saa, akarudisha mchoro kama ulivyokuwa, akaondoka akidhani amefuta. Inspekta aliipigapiga ile kompyuta mgongoni kwa kiganja, kama anavyopigwa ng'ombe aliyefanya kazi vizuri. Mtu anaweza kurudisha mchoro ulivyokuwa, lakini waliojenga kitu hiki, popote walipo, hawakumwachia njia ya kukifanya kisahau.

"Mwenye kuingia mu programu anatumia jina gani?"

"Batu bote jina moja, na mot de passe moja. Iko hapa." Abigaël alionyesha kikaratasi chenye neno la siri, kilichobandikwa chini ya skrini.

"Hamuogope hata Mungu," alisema inspekta. "Haya. Hakuna njia ingine ya kumujua?"

Msichana alifikiri. Kisha akaufungua mchoro wa saba kwa programu ya kuandikia barua, na mistari ya maandishi ikajaa. "Sababu iko ya batu bote, haifiche kitu. Ndani ni maneno tu. Angalia huku juu: inaandika ni programu gani iliichora, na namba yake. Ya kwangu na ya bureau ni 4.0. Hii inasema 3.2." Akafungua ya nane. "Hii pia, 3.2."

"Nani ako na 3.2?"

"Mwaka ulipita niliiweka ku machine tatu, na clé USB. Mbili nilizifanyia mise à jour, zikafika 4.0. Ya tatu, mwenyewe alikataa. Alisema haitumie, ni ya kuangalia tu mafilimu." Abigaël alishusha sauti. "Chef Mukuna."

Laurentine alitazama saa yake. Namba ndani ya faili ingemtosha yeye, lakini substitut alikuwa mtu wa karatasi, anayetaka kushika kitu mkononi. Na Mukuna, chef wa production, mkuu wa uchimbaji, angeweza kusema mashine yake iliibwa, iliazimwa, ililogwa. "Muite," alisema. "Na Kabemba, ule chef wa équipe ya puits 14, ako inje, muite pia. Dakika ni ngapi, usiwaambie."

Kabemba aliingia akiwa na udongo wa kaburi la Sadrack bado kwenye viatu, walimzika jana. Mukuna aliingia nyuma yake, mtu mnene mwenye sauti ya kutuliza, akamsalimu inspekta kwa mikono miwili.

"Tata Mukuna, machine hii unaijua?"

"Mi? Mi niko mutu ya chantier, ya mashimo, mama. Mambo ya dessin ni ya batoto ya université. Sijaigusa hata siku moja."

"Na wewe, tata Kabemba?"

"Mi najua kidole tu, pale ku ukuta."

"Muzuri. Tutaomba ruhusa ya puits 99."

"Hakuna puits 99," alisema Kabemba.

"Njo maana hatutamuua mutu." Laurentine alitoa bahasha ya kaki, akaiweka katikati ya meza, muhuri juu. "Hii ni telefone ya Godefroid. Yeye mwenyewe ako mu cachot, anachungwa na polisi wangu wawili. Abigaël, tembeza ile saba. Kisha mutoe mikono yenu bote ku machine."

Ilikuwa saa saba na dakika tano. Abigaël alibonyeza, akarudisha kiti chake nyuma mpaka ukutani.

"Tunangoja nini?" aliuliza Kabemba.

"Tunangoja tu."

Walingoja. Kabemba alitoa karanga mfukoni, akamenya, akamgawia Abigaël. Ilipofika dakika ya kumi alisema mashine imelala. Ilipofika ya ishirini alisema mashine imekufa, wangeita pasteur. Laurentine alimuuliza Mukuna habari za barabara ya Kisenge, na Mukuna, aliyependa kuongea, aliongea: madaraja mabovu, malori yaliyokwama, mvua. Maneno yalimtoka vizuri, lakini mara kwa mara mkono wake wa kushoto uligeuka kidogo, saa ya mkononi ikaangalia juu. Inspekta hakuiangalia hata mara moja imprimante, ile mashine ya kuchapisha karatasi. Alimwangalia yeye.

"...na pale ku ponti ya pili," Mukuna alikuwa akisema, "camion yetu ilikaa siku—"

Akanyamaza katikati ya neno. Shingo yake iligeuka kuelekea pembeni mwa chumba, ilikokuwa imprimante. Imprimante ilikuwa kimya kabisa. Kabemba alikuwa akimenya karanga. Abigaël alikuwa amefumba macho. Zilipita pumzi mbili, tatu, ndipo taa ya kijani ikawaka, mashine ikakoroma, na karatasi ikaanza kutoka.

Laurentine aliinuka, akaichukua ikiwa bado moto, akaisoma kwa sauti: "Shimo namba 99. Kuteremka kumeruhusiwa. Ardhi imekaguliwa na Kyungu Godefroid." Kisha akaiweka juu ya bahasha. "Tata Mukuna. Batu bane tulikuwa hapa. Wawili, wewe na Kabemba, hamukuambiwa kitu. Nani alikuambia ya kama inatoka sasa?"

"Mi niliangalia tu."

"Uliiangalia kabla haijalia. Laptop yako iko wapi?"

"Mu jeep. Mais..."

"Abigaël ataenda na wewe. Akifungua programu akakuta 3.2, utaniambia mafilimu gani unachora nayo."

Mukuna hakuinuka. Alijitazama mikono. Sauti ya kutuliza ilikuwa imemwisha, na iliyobaki ilikuwa ya mtu wa kawaida aliyechoka.

"Siku mbili, mama. Batu mia mbili banakaa ku soleil bila kazi, banakuja kunilalamikia mi. Godefroid ako ku kilio, na mutu ya kilio hatumusumbue na kazi, unajua. Niliwaza: kama hajibu, ni kusema hana shida. Ka saa kamoja tu, kadogo. Sikuwaza mvula."

Kabemba alikuwa amesimama, karanga zimemwagika sakafuni. "Njo wewe," alisema. "Jana tulibeba sanduku pamoja, bega na bega. Njo wewe?"

"Saa uliiweka sababu ya kazi," alisema Laurentine, na sasa hasira ilikuwa hasira kweli. "Ni ujinga, na ujinga ule umeua mutu. Mais siku ya mungu asubui ulijua. Uliitoa, ukaenda kusali, ukaacha batu waende kumukamata Godefroid ku kilio ya yaya yake, mbele ya mama yake. Ile haikuwa ujinga."

Saa kumi kasoro robo karatasi ya shimo 99 ilikuwa mezani kwa substitut. Aliigeuza mbele na nyuma, akaulizia Godefroid alikuwa wapi saa ile. Kwenye cachot, alijibiwa. Na simu yake? Laurentine aliisukuma bahasha mbele, muhuri mzima. Substitut alisoma tena jina lile, la mtu aliyekagua shimo lisilokuwepo akiwa amefungiwa ndani. Kisha akafunika kalamu yake.

Godefroid alirudishiwa mkanda na kamba za viatu. Alikuwa mtu mwembamba, ndevu za siku mbili usoni, na hakuuliza habari za Mukuna. Aliuliza kama Sadrack amezikwa. Alipoambiwa ndiyo, alimgeukia Abigaël aliyekuwa amewafuata, akatazama mkunjo wa karatasi chini ya kwapa lake. Msichana alikuwa amelichapisha toleo la saba lote, ili liingie kwenye jalada.

"Kule kwa mama ya Sadrack banasema njo mi nilimuua mutoto," alisema Godefroid. "Siwezi kurudia ku nyumba kama sijapita kule. Muje na mi."

Walikwenda kwa taxi-moto mbili. Kwenye uwanja wa nyumba ya Mama Elise, mama yake Sadrack, kilio kilinyamaza Godefroid alipoonekana, na wanaume wawili wakainuka. Kabemba, aliyefika mapema, aliwarudisha chini kwa mkono. Laurentine alisema yeye ni nani, lakini hakueleza zaidi. Alimwashiria Abigaël, naye akatandika mchoro mkekani, mbele ya yule mama.

Mama Elise hakujua kusoma. Abigaël alimshika kidole cha shahada, akakiweka kwenye duara la mwanzo, akakiacha. Kidole kilikwenda chenyewe. Kilifuata mshale mpaka kisanduku cha kwanza.

"Hapa Kabemba aliomba?"

"Ndiyo, mama."

Kikaendelea, kikafika kwenye kisanduku cha pili, kikasimama.

"Hapa njo mi," alisema Godefroid, akapiga magoti. "Njo mi nilipaswa kupima. Nilikuwa ku kilio, mama. Hakuna mutu aliniita."

Yule mama hakumwangalia. Kidole chake kilikizunguka kile kisanduku, kikitafuta mahali pa kutokea, kikaikuta ile saa ndogo ukingoni, na mshale uliopinda. Aliufuata mpaka mwisho. Akarudi nyuma, akaufuata tena, polepole zaidi, kama mtu anayesindikiza mwingine.

"Mutoto wangu alipitia hapa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na wewe hukuwa ku njia yake."

"Sikuwako, mama."

Kidole chake bado kilikuwa juu ya saa. Kisha kwa mkono wake mwingine akavuta kiti cha plastiki kilichokuwa kando yake, akakipangusa vumbi kwa upindo wa kitenge, akamwambia Godefroid aketi.